Saa ya Msikiti ni Amana: Nani Aliyeiambia Mashine Wakati?

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu, aliyeliweka jua na mwezi viende kwa hesabu isiyopotea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia mafundi wa umeme. Nalo ni saa iliyomo ndani ya mitambo inayoendesha majengo yetu: mitambo inayowasha taa na viyoyozi, inayojaza maji kwenye matangi ya kutawadhia, na sasa, katika misikiti mingi, inayosoma hata adhana. Tunasema mapema kwamba jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la imamu, la kamati ya msikiti, na la kila baba na mama anayefuturu kwa sauti inayotoka kwenye kipaza sauti.

Katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoanza mwezi Machi 2025, tulijaaliwa kufuturu katika msikiti mmoja wa jijini Dar es Salaam. Jengo lake ni jipya. Chini wanaswali wanaume, ghorofani wanaswali kina mama, na ubavuni ipo madrasa ya watoto. Mfadhili mmoja, Allah amlipe kheri, alikuwa amewaletea mtambo wa kuendesha jengo pamoja na saa kubwa ya ukutani yenye kuonyesha nyakati za swala tano. Vyote vilifungwa mwezi wa Shaaban, na watu walivifurahia.

Tulikuwa tumekaa mkekani, tende mkononi, wakati mashine iliposoma adhana ya Magharibi. Wengi wakatia tende mdomoni. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa muadhini wa msikiti wa zamani uliosimama mahali pale pale, aliirudisha tende yake kwenye kisahani, akainuka taratibu, akaenda mpaka mlangoni na kutazama upande wa magharibi.

"Jamani, zitueni hizo tende," akasema. "Jua hili hapa."

Kijana mmoja wa kamati akamjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu. Saa hii imetoka Makka, haikosei."

"Marahaba mwanangu. Saa imetoka Makka, sikatai. Lakini jua letu hatukuletewa kutoka Makka."

Tukatoka nje. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya nyumba, jekundu, likitutazama sote. Ilipita zaidi ya robo saa kabla halijazama. Mle ndani walikuwamo watu waliofunga kutwa nzima katika joto la mwezi Machi, wengine wazee, wengine watoto waliokuwa wakijaribu saumu yao ya kwanza, na saumu zao zilikuwa zimekatwa na mashine.

Kosa lilikuwa wapi?

Fundi alipoitwa, aliifungua mashine mbele yetu. Saa yake ilikuwa sahihi hata kwa dakika. Ukanda wa saa nao ulikuwa sahihi: saa tatu mbele ya Greenwich, kama zilivyo saa za Tanzania, Kenya na Uganda. Kitu kimoja tu hakikubadilishwa tangu ilipotoka kiwandani. Pale panapoandikwa jina la mji, palikuwa pameandikwa Makka.

Tunaomba msomaji atuvumilie kidogo katika hesabu hii, kwa sababu mtego wake ni wa ajabu. Saa za Makka na saa za Dar es Salaam ni zile zile. Zaidi ya hayo, miji hii miwili iko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini: Makka iko karibu nyuzi 40 mashariki ya Greenwich, na Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na ushei. Kwa hiyo jua linapofika utosini Makka, huku kwetu hubaki kama dakika mbili tu lifike. Waliofunga mashine ile waliijaribu kwa swala ya Ijumaa, wakaona Adhuhuri imelingana, wakaridhika. Nani atahangaika na tofauti ya dakika mbili?

Lakini Makka iko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 21 na zaidi, nasi tuko kusini kwa karibu nyuzi saba. Utosini jua linalingana. Machweo na alfajiri havilingani. Siku zile za mwanzo wa Machi tofauti ya Magharibi ilikuwa kama dakika 18. Ifikapo tarehe 21 Desemba, jua huzama Makka yapata saa 11:43 jioni, nasi Dar es Salaam tunaliona mpaka yapata saa 12:36. Hiyo ni karibu saa nzima. Siku hizo hizo alfajiri ya Makka huchelewa kuliko yetu kwa muda unaokaribia dakika 45, kwa hiyo mwenye kungojea adhana ya mashine ili aache kula daku atakuwa anakula mchana. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: mashine hiyo itamwamsha mtu aswali Alfajiri yapata saa nzima kabla alfajiri haijaingia kwetu.

Na mtego mkubwa zaidi ni kwamba kosa hili hujificha lenyewe. Karibu na tarehe 21 Machi, na tena karibu na tarehe 23 Septemba, mchana na usiku hukaribia kuwa sawa duniani kote, na nyakati za Makka na zetu zinakaribiana. Lau mzee yule angenyamaza, baada ya wiki mbili tatu tofauti ingepotea, kila mtu angesema mashine ni nzuri, kisha kosa lingerudi kimya kimya kwa sura nyingine.

Mashine haijui, imeambiwa

Tulilojifunza jioni ile ni kwamba mashine haijui wakati. Inajua kile ilichoambiwa. Ndani yake kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetema, nayo inahesabu mitetemo hiyo. Kuna na betri ndogo kama kifungo cha shati, ambayo kazi yake ni kuilindia hesabu hiyo umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, na umeme ukakatika kama tulivyozoea, mashine nyingi hurudi kwenye tarehe ya kale iliyowekwa kiwandani, mathalani tarehe 1 Januari ya mwaka 1970 au 2000, na kuanza kuhesabu upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Haitaona haya wala haitakuomba radhi. Itawasha taa kwa saa zake.

Mashine zilizounganishwa na intaneti huulizia wakati kwenye kompyuta nyingine zenye saa za uhakika. Hili ni jambo jema. Lakini jibu linalorudi ni la saa za dunia, yaani zile zinazofuata hesabu ya Greenwich. Ni juu ya mwenye mashine kuiambia yuko ukanda gani, ili iongeze saa tatu. Asipoiambia, taa za ngazi alizozipanga ziwake saa 12:30 jioni zitawaka saa 3:30 usiku, wakati kina mama wameshapanda na kushuka gizani.

Kwa hiyo mambo ni matatu, na kila moja linajitegemea: saa, ukanda na mahali. Mtu anaweza kusahihisha mawili akadhani amemaliza.

Kuhusu ukanda, upo mtego mwingine. Fundi akifungua orodha ya miji ndani ya mashine mwezi wa Julai, ataona saa za Cairo zimelingana na zetu. Akiichagua Cairo, kazi itakwenda vizuri mpaka mwisho wa Oktoba. Kisha siku moja jengo zima litarudi nyuma kwa saa moja. Sababu yake ni kwamba Misri ilirejesha mwaka 2023 desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi na kuzirudisha kabla ya majira ya baridi. Sisi katika Afrika Mashariki hatuna desturi hiyo, kwa kuwa karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana. Basi fundi na achague Dar es Salaam au Nairobi, asichague mji wa mbali kwa sababu tu leo saa zake zimefanana na zetu.

Kuhusu mahali, wakazi wa bara wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa pwani. Kigoma na Dar es Salaam zina saa moja kwa mujibu wa serikali, lakini jua halifuati serikali. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi tisa, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo Adhuhuri ya Dar es Salaam, ambayo katika mwaka mzima hutembea baina ya saa 6:07 na saa 6:37 mchana, Kigoma hutembea baina ya saa 6:45 na saa 7:15. Mashine iliyopangwa Kariakoo kisha ikafungwa Ujiji itaadhini Adhuhuri dakika 38 kabla ya wakati. Na ndugu zetu wa Bujumbura, kaskazini mwa ziwa, wanaliona jua karibu dakika ile ile na watu wa Kigoma, lakini saa zao za ukutani ziko nyuma kwa saa nzima. Jua ni moja, saa ni mbili.

Lugha yetu na lugha ya mashine

Yapo pia makosa yanayotoka katika maneno yetu wenyewe. Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu kupambazuka na tangu kuchwa. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Mlinzi akimwambia fundi mgeni kwamba pampu iwake saa kumi alfajiri, na fundi akaandika kumi kama alivyosikia, pampu itawaka saa nne asubuhi, na watu wa Alfajiri watakuta mabomba makavu.

Kosa la namna hii limejificha hata katika majina ya siku. Kwa hesabu ya Kiislamu, na kwa desturi ya wazee wetu wa pwani, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Mashine haijui hivyo. Kwake siku huanza saa sita ya usiku. Kamati ikiagiza kwamba taa za ukumbi zichelewe kuzimwa usiku wa Ijumaa kwa ajili ya dhikri na darasa, na fundi akaweka alama kwenye Ijumaa jioni, watu wataachwa gizani Alhamisi, na kesho yake taa zitawaka katika ukumbi mtupu.

Kisha kuna Ramadhani yenyewe. Mwezi huu mtukufu huja mapema kwa takriban siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, na kuingia kwake hutegemea mwandamo. Mashine iliyopangiwa kuzima taa saa 3:30 usiku mwaka mzima haitajua kwamba watu wako katika Tarawehe mpaka mtu aje aiambie. Katika msikiti ule ule tuliousimulia, usiku wa kwanza taa zilizimika ghorofani kina mama wakiwa katika sijida. Bibi mmoja mtu mzima alishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, mjukuu wake akimshika mkono na kumwambia, "Pole pole bibi, bado vidato vitatu." Alhamdulillahi hakuanguka. Lakini je, angeanguka, tungesema ni kadari na kuishia hapo? Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutawakali, na Mtume wake ametufundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza.

Mfano wa Lebanon

Asidhani mtu kwamba haya ni ya misikiti ya uswahilini tu. Mwezi Machi 2023, siku chache tu kabla ya tarehe ya kusogeza saa mbele, serikali ya Lebanon ilitangaza kwamba mwaka huo saa zisingesogezwa mpaka Ramadhani imalizike, ili watu wafuturu mapema kwa saa za ukutani. Baadhi ya makanisa, shule na vituo vya televisheni vilikataa na kusogeza saa zao kama kawaida. Simu na kompyuta, ambazo zilikuwa zimeshafundishwa tarehe ya zamani, baadhi zilijisogeza zenyewe bila kumuuliza mtu. Kwa siku kadhaa nchi moja ilikuwa na saa mbili, na ilibidi watu waulizane, "Tukutane saa ngapi, na kwa saa ya nani?" Baada ya siku chache serikali ilirudi nyuma, na saa zikasogezwa usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi.

Fikirini hapo ni majengo mangapi yaliyokuwa na mitambo ya namna hii: hospitali, maofisi, maduka, misikiti. Jua la Beirut halikubadilika hata kidogo katika siku zile. Kilichobadilika ni maneno ya watu juu ya jua. Kwa hiyo mashine inahitaji mtu wa kuipa habari kila maneno ya watu yanapobadilika.

Elimu hii ni yetu

Hapana shaka atatokea mtu aseme: kama ni hivyo, tuzing'oe mashine hizi, turudi kwenye kutazama jua kama wazee wetu. Sisi hatuungi mkono rai hiyo. Mvua za masika zinapofunika mbingu kwa wiki nzima, na maghorofa yanapoziba upeo wa magharibi, mashine iliyopangwa vizuri ni neema. Isitoshe, elimu ya kupima wakati si ngeni kwa Waislamu. Katika misikiti mikubwa ya zama za kati kulikuwa na mtu maalumu aliyeitwa muwakkit, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu na kuzihakiki nyakati za swala. Katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, kazi hiyo ilifanywa na Ibn al-Shatir, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya falaki aliyefariki mwaka 1375. Mnamo mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Saa ile aliichora kwa ajili ya Damascus. Lau angeletwa mtu akaichukua na kuisimamisha Cairo, Ibn al-Shatir mwenyewe angemzuia.

Hicho ndicho tulichokipoteza. Wazee wetu walikuwa na chombo na mtu wa chombo. Sisi tumenunua chombo, mtu tumemwacha. Muadhini wa zamani alihesabiwa kuwa amebeba amana ya watu, kwa sababu kwa sauti yake watu waliswali, walifunga na walifuturu. Leo sauti inatoka kwenye kisanduku ukutani, na ukiuliza amana hiyo ameibeba nani, kamati itakuelekeza kwa fundi, fundi atakuelekeza kwa muuzaji, na muuzaji yuko nchi nyingine. Amana haiwezi kubebwa na kisanduku. Kisanduku hakitaulizwa Siku ya Kiyama.

Na uzito wa jambo hili unajulikana. Suratun-Nisaa, katika aya ya 103, imetufundisha kwamba swala ni faradhi yenye nyakati zake maalumu. Jibril (AS) alimswalisha Mtume (SAW) siku mbili, ya kwanza mwanzoni mwa nyakati na ya pili mwishoni mwake, ili mipaka ijulikane. Swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haimtoi mtu katika faradhi. Na aliyefuturu akidhani jua limezama, kisha ikabainika kwamba halijazama, wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, wameona kwamba ni juu yake kuilipa siku hiyo. Jioni ile tulihesabu walioingia msikitini, tukawatangazia jambo hilo baada ya swala. Lakini walioisikia adhana wakiwa majumbani mwao, nani aliwafikia wote?

Tunachopendekeza

Kwanza, kila msikiti wenye mtambo wa namna hii uteue muwakkit wake. Si lazima awe mhandisi. Anatosha mwalimu wa madrasa au kijana wa sekondari mwenye kupenda hesabu, akae pamoja na mzee mmoja anayelijua jua la mtaa ule. Kijana ajue kuifungua mashine, mzee ajue kutazama mbingu, na wote wawili waulizwe na kamati. Kina mama nao wawe na mwakilishi, kwa sababu taa za ghorofani wanazijua wao.

Pili, kando ya mashine ibandikwe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili: mji uliochaguliwa, ukanda wa saa, hesabu iliyotumika kwa Alfajiri na Isha, tarehe iliyobadilishwa betri, tarehe ya uhakiki wa mwisho na jina la aliyehakiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati nao ni mali.

Tatu, uhakiki usifanywe kwa Adhuhuri peke yake wala katika Machi na Septemba peke yake, kwani tumeona jinsi kosa linavyoweza kujificha hapo. Mashine ihakikiwe kwa Magharibi, kwa jicho, pasipo na mawingu, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Desemba. Ihakikiwe pia kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, na wiki moja kabla ya Ramadhani, pamoja na ratiba ya taa, pampu na viyoyozi.

Nne, fundi anapopewa maagizo, apewe kwa maandishi. Saa iandikwe kwa hesabu ya mashine na kwa hesabu yetu, na siku itajwe kwa namna isiyoacha shaka: Alhamisi baada ya Magharibi, si usiku wa Ijumaa peke yake.

Tano, wafadhili wetu, Allah awazidishie, wanapotuletea mashine watuletee pamoja nayo siku moja ya mafunzo. Mashine isiyo na mtu wa kuielewa ni mzigo uliofungwa kwa utepe mzuri.

Sita, adhana na isomwe na mwanadamu. Mashine imkumbushe muadhini kwamba wakati umekaribia, naye atoke nje atazame, kisha anyanyue sauti yake. Hapo mashine itakuwa msaidizi, na amana itabaki kwa mwenye roho na akili.

Na ninyi wazazi, msiseme haya ni ya msikitini tu. Simu zilizomo mifukoni mwenu zinaadhini pia. Leo baada ya swala mkae na watoto wenu, mfungue simu hizo, mtazame mji ulioandikwa. Mjumbe wa familia aliyerudi likizo kutoka Muscat, ambako saa ziko mbele yetu kwa saa moja, huenda simu yake bado inaswali kwa nyakati za Muscat. Jamaa walioko Uingereza wakumbushwe kwamba saa zao husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa ya ukutani jikoni haijisogezi. Kisha jioni mtoke na watoto uani au juu ya paa, mlitazame jua likizama, mlinganishe na simu. Mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba wakati wa swala umo mbinguni na simu inausimulia tu, hatadanganywa kwa urahisi na mashine yoyote maishani mwake.

Mzee yule wa tende alirudi mkekani jioni ile baada ya jua kuzama kweli. Kijana wa kamati akamsogezea kisahani kwa mikono miwili na kumwambia, "Tusamehe mzee wangu." Mzee akachukua tende ile ile aliyoirudisha, akasoma dua, akafungua saumu yake, kisha akamwambia, "Kesho uje mapema, tutoke pamoja." Tumeambiwa kwamba kijana alikwenda kesho yake, na siku iliyofuata, na sasa ndiye muwakkit wa msikiti ule.

Tunamuomba Allah (SW) azikubali swala zetu na saumu zetu, atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua, na atujaalie tuwe wenye kuzilinda amana zetu, kubwa na ndogo. Wabillahi tawfiq.